Asilimia za Marehemu

Watu wote walimwita Profesa. Mlinzi wa getini alimwita Profesa, fundi viatu wa chini ya ngazi za benki alimwita Profesa, na hata yule mwenye mashine ya fotokopi, mtu asiyemheshimu yeyote aliyemletea karatasi zilizokunjamana, naye alimwita Profesa kabla ya kumfokea. Chuo chenyewe tu ndicho kilichogoma. Kwenye barua za chuo alikuwa Profesa Mshiriki, na hilo neno la pili lilikuwa limemganda miaka nenda miaka rudi kama mbegu ya nyasi kwenye soksi: haiumi sana, lakini kila ukikanyaga unaisikia.

Alifundisha fedha. Si hizi za mfukoni, maana hizo hata yeye hakuwahi kuzielewa. Alifundisha fedha za makampuni: hisa, hatifungani, bei inavyopanda na kushuka na sababu zake. Waliopita darasani kwake walishakuwa mameneja wa mabenki, watu wa vitambi na madereva, na yeye bado alipanda kwa miguu hadi ghorofa ya tatu, kwa kuwa lifti ya Shule ya Biashara ilifanya kazi siku ya wageni peke yake.

Idarani walikuwa na jina lao la kumtania: Na Wenzake. Halikuwa jina la chuki, ila lilichoma. Watu wa fedha wana desturi yao wakiandika makala kwa pamoja. Majina hupangwa kwa alfabeti, wa A mbele, wa Z nyuma, hata kama wa Z ndiye aliyekesha na wa A alikuja na kalamu tu. Jina la ukoo wake lilianza na herufi ya mkiani kabisa. Basi wanazuoni wengine wakimnukuu, humtaja wa kwanza kisha humalizia "na wenzake", wakaendelea na yao. Huyo mwenzake ndiye yeye. Amezunguka dunia nzima ndani ya vitabu vya watu, amejificha humo kama abiria aliyelala kwenye buti la gari.

Katika makala zake zote, moja ndiyo iliyotembea kweli. Waliiandika wawili, yeye na rafiki yake waliyeanza naye kazi mwaka mmoja, wakapewa ofisi moja na kabati moja lisilofungika. Rafiki huyo jina lake lilianza na herufi ya mwanzo, ndiyo maana watu wakamwita Alfa. Makala yao ilionyesha kwamba bei ya hisa husogea kabla habari ya kampuni haijatangazwa. Alfa alipenda kusema kwa mdomo mpana, "Bei ina masikio." Makala ikasomwa mbali, ikaingia kwenye vitabu vya kiada, na kwa kuwa ulimi wa binadamu ni mvivu, watu wakaifupisha wakaiita makala ya Alfa. Alfa akapandishwa cheo. Baadaye moyo wake ukachoka ghafla, akafa akiwa bado na mitihani ya kusahihisha kwenye begi. Mitihani hiyo aliimaliza Na Wenzake.

Sasa alikuwa amebakiza miezi michache astaafu.

"Mwalimu, kaa kwanza," Mkuu wa Shule alimwambia asubuhi hiyo. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, na zamani aliwahi kukaa mstari wa mbele katika darasa la Na Wenzake mwenyewe.

"Ukiniambia nikae, najua mambo si mazuri."

"Ni mazuri nusu. Kamati ya kupandisha vyeo inakutana wiki ijayo. Jina lako lipo."

"Lipo kila mara. Kama kiti cha ukumbini."

Mkuu wa Shule alitabasamu kidogo, akageuza skrini ya kompyuta ili asione barua pepe zikimiminika. "Hiki ni kikao cha mwisho kabla hujastaafu. Ukitoka humo profesa kamili, nina ruhusa ya kukubakiza kwa mkataba. Unabaki na ofisi yako, unabaki na darasa lako. Ukitoka hivyo ulivyo, mwisho wa mwaka nachukua funguo. Sitakuwa na namna."

"Na nusu mbaya?"

"Kamati imejaa watu wa sayansi. Mwenyekiti ni yule wa magonjwa ya mimea."

"Bwana Kuvu."

"Tafadhali usimwite hivyo ukiwa mle ndani. Kwao, anayeandikwa kwanza ndiye aliyefanya kazi. Wengine walishika taa."

Alifumba macho. Jambo hilo la alfabeti alikuwa ameshalieleza kwa kamati ya kwanza, na wajumbe wakatikisa vichwa kwa adabu, wasielewe. Kamati ya pili ilielewa, lakini ilielewa siku ambayo muda wake umekwisha, ikavunjwa. Ya tatu ilimtaka aeleze upya tangu mwanzo. Alikuwa amepigwa danadana mpaka maelezo yale yakawa kama wimbo wa shule, anaweza kuyasema huku anawaza mengine.

"Safari hii huelezi," alisema Mkuu wa Shule. "Wametunga fomu. Kila makala, unaandika mchango wa kila mwandishi kwa asilimia, na kila mwandishi anatia saini. Wanataka makala moja yenye jina ambayo wewe umechangia zaidi ya nusu. Moja tu, Mwalimu."

"Yenye jina ninayo moja."

"Najua."

"Na mwenzangu yuko kaburini."

Mkuu wa Shule alifungua droo, akatoa karatasi, akaigeuza upande wa nyuma. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, ilisema kwamba iwapo mwandishi mwenza ni marehemu, mrithi wake atatia saini kwa niaba yake.

"Wamefikiria kila kitu," alisema Na Wenzake.

"Wamefikiria sana," alijibu yule mwanamke, naye alionekana mchovu vilevile.

Nyumbani, mkewe alikuwa anachambua mchele mezani. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi aliyekwisha kustaafu, na tangu pacha wao waolewe alimwona mumewe kuwa ndiye mwanafunzi pekee aliyebaki. Aliivuta fomu, akaisoma kwa haraka ya mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote.

"Baba Pacha, hii ni kazi ya dakika moja. Andika sitini wewe, arobaini yeye. Nenda kwa shemeji yako, atie saini, urudi ule."

"Siwezi kumkata mtu vipande kama keki."

"Kwani kazi yako ni nini? Si unafundisha watu kugawana hisa?"

"Hisa zina daftari. Sisi hatukuandikiana kitu. Tulishikana mikono."

"Mtu na digrii tatu," alisema mkewe akiutazama mchele, "kutwa anawaambia watu wasifanye biashara bila mkataba." Alitupa kijiwe kidogo pembeni. "Nisikilize. Hizo makala zako nimeishi nazo kama mke mwenza. Tena mke mwenza asiyepika wala asiyefua. Nataka siku moja na yeye anifae. Sina haja ya cheo. Ila nakujua. Ukikaa hapa bila darasa, utaanza kunifundisha mimi jinsi ya kupanga sufuria."

"Alfa hawezi kujitetea."

"Alfa alikupenda."

"Ndiyo sababu."

Mkewe aliinuka akaweka mchele motoni, na kwa jinsi alivyoibamiza ile sufuria ilijulikana kwamba mazungumzo yamefungwa.

Alasiri alikwenda kwa shemeji, mjane wa Alfa. Nyumba ya Alfa ilikuwa haijabadilika sana, isipokuwa ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya na ule wa pili ulioachwa kwa kuwa rangi iliisha. Shemeji alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mrefu aliyezoea kuwaambia watu walale upande upi. Alimkuta kwenye meza ya kulia chakula akishona pindo la pazia.

"Shemeji, karibu. Umekonda. Unatafuta nini?"

"Nimekuja kukujulia hali."

"Mwongo. Siku za kazi hujulii mtu hali. Kaa, sema."

Akakaa, akasema. Aliposikia kuhusu saini ya mrithi, shemeji aliweka sindano chini, akacheka kicheko kifupi cha puani.

"Yaani wanataka kujua marehemu alifanya kazi kiasi gani? Akiwa hai nilitaka kujua hilohilo."

Naye akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha macho yake yakaiangukia ile meza. Ilikuwa meza ileile. Pembeni palikuwa na doa la wino wa buluu ambalo hakuna sabuni iliyoliweza. Hapo ndipo walipoiandika makala, enzi ambazo bei za hisa hazikuwa kwenye kompyuta. Zilikuwa kwenye magazeti ya zamani yaliyorundikwa chini ya maktaba, na walipewa kibali cha kuyabeba nyumbani mwishoni mwa wiki. Shemeji, akitoka zamu hospitalini, alikaa kichwani pa meza akasoma namba kwa sauti. Alfa aliandika. Na Wenzake alifuatisha kwa kidole kwenye nakala ya pili, na namba ikioana alisema, "Sawa." Wakaenda hivyo jioni baada ya jioni: namba, kalamu, sawa. Namba, kalamu, sawa. Pacha walilala kwenye kochi, mkewe akiwapepea kwa kipande cha gazeti walichokwisha kukimaliza.

"Mimi niliyesoma mpaka koo likakauka, mmenipa asilimia ngapi?" aliuliza shemeji.

"Tulikushukuru. Mwishoni kabisa, kwenye tanbihi."

"Tanbihi. Inaliwa na nini hiyo?"

"Shemeji, ningekuwa na uwezo..."

"Nakutania bwana. Utakufa na huo uso." Alivuta miwani kutoka kichwani, akaisoma fomu polepole. "Wewe unahitaji ngapi?"

"Zaidi ya hamsini."

"Basi shida iko wapi? Yeye mwenyewe alisema kazi ile ni yako."

Na Wenzake alimtazama. "Alisema nini?"

"Mara nyingi tu. Akitoka huko kwenye sherehe zenu, anavua viatu, anasema, 'Mama, watu wananipongeza kwa kazi ya jamaa yangu. Hesabu zote kapiga yeye. Mimi niliuliza swali moja tu mdomo umejaa chakula.' Hakukwambia?"

Hakumwambia. Na yeye pia hakuwahi kumwambia Alfa lake, maana lilikuwa kinyume chake. Aliikumbuka jioni ile vizuri. Alfa alikuwa anakula hapo mwisho wa meza, gazeti limesimamishwa mbele ya sahani. Akasimamisha kijiko hewani, akauliza, "Hii kampuni imetangaza faida Alhamisi. Mbona hisa yake imepanda tangu Jumatatu? Nani aliiambia bei?" Kila kitu kilitoka kwenye swali hilo. Yeye, Na Wenzake, angeishi maisha mawili asiliulize. Ni kweli kwamba baada ya hapo alipiga hesabu karibu mwaka mzima, akifuta na kurudia, mpaka akawa anaota safu za namba. Lakini hesabu mtu yeyote aliyesoma angeweza kuipiga. Hivyo ndivyo alivyoamini miaka yote hiyo, na kwa ajili hiyo alinyamaza watu walipoiita makala ya Alfa. Hakuwa mnyenyekevu. Alidhani ni haki.

"Mimi nikijua ni yake," alisema.

"Na yeye akijua ni yako. Halafu mnaitwa wasomi." Shemeji alichukua kalamu, akatia saini chini kabisa, mahali pa mrithi, kwa mwandiko wa kwenye kadi za wagonjwa. Nafasi ya asilimia aliiacha wazi. "Jaza mwenyewe. Ukiandika tisini mimi sina neno. Neno lake nimekupa."

"Ungejaza wewe ingekuwa afadhali."

"Najua. Ndiyo maana sijazi." Akaokota sindano. "Mambo yenu wawili, malizaneni wenyewe."

Kesho yake alikaa ofisini na karatasi ile mbele yake. Nje ya mlango wanafunzi walikuwa wamejipanga kulalamikia alama, wakisukumana na kuambiana, "Wewe tangulia, wewe ndiye uliyepata sifuri." Kabati bado halikufungika. Alikuwa amefundisha maisha yake yote jinsi ya kuthamini vitu: kiwanda, mgodi, jina la sabuni, deni la mtu aliyetoroka. Swali la mtu anayetafuna, angelithamini vipi? Alijaribu kwa njia anayoijua. Alijiuliza ni nini kingebaki kama Alfa angeondolewa. Hakikubaki kitu. Akajiuliza nini kingebaki kama yeye angeondolewa. Lilibaki swali hewani na kijiko. Akarudia akidhani amekosea mahali, na jibu likaja lilelile.

Lile neno la Alfa lilikuwa hapo, limetolewa bure, halali kabisa. Mtu mwingine angelichukua na hakuna ambaye angemlaumu. Alijua pia kwamba Alfa alilisema kwa sababu alikuwa Alfa, mtu wa kugawa shati lake kisha akaulizia kama limekukaa vizuri. Ukilipokea neno la mtu wa namna hiyo ukaenda nalo kwenye kamati, unakuwa umemfanya nini? Hakupata jina la jambo hilo. Alichoka kulitafuta. Akaandika hamsini, na chini yake hamsini, akaipeleka kwa katibu muhtasi kabla mkono haujabadili nia.

Siku ya kikao chumba kilikuwa na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Bwana Kuvu alikuwa mpole kuliko sifa zake, mzee mwenye kucha zenye udongo, na fomu aliishika kama jani alilolitilia shaka.

"Ndugu yangu, hapa umeandika hamsini."

"Ndiyo."

"Sharti ni zaidi ya hamsini."

"Nimelisoma."

"Labda ulipitiwa." Aliangalia wenzake kushoto na kulia, wakaangalia meza. "Na mrithi ametia saini tayari. Sisi si watu wabaya. Kama ni kuteleza kwa kalamu, kalamu hii hapa. Hata hamsini na moja."

Mkuu wa Shule, aliyekuwa amekaa pembeni kama mwalikwa, alimkazia macho. Ndoo ilipokea tone lingine.

"Hiyo moja," aliuliza Na Wenzake, "ningeitoa kwa nani?"

"Kwa mwenzako."

"Alishatoa nyingi."

Mmoja wa wajumbe alikohoa. Bwana Kuvu alisubiri kidogo, kalamu mkononi, kama mtu anayeshikilia mlango kwa ajili ya mgeni mzito wa mguu. Halafu akaifunga kifuniko. Alisema ombi litaahirishwa hadi kikao kijacho ili kupata maelezo zaidi. Kila mtu mle ndani alijua kikao kijacho kitamkuta mwombaji ameshaondoka.

Kwenye korido Mkuu wa Shule alimfuata kwa hatua za haraka. "Mwalimu, moja tu. Walikuomba uandike wao wenyewe."

"Niliwasikia."

"Nilishapanga ratiba ya mwakani na jina lako."

"Utalifuta, mama. Liko mwishoni, halitakusumbua."

Yule mwanamke aliegemea ukuta, akacheka bila furaha, kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili akauacha.

Nyumbani mkewe hakuuliza mpaka alipomaliza kula. "Umeandika ngapi?"

"Nusu."

"Nilijua tangu wiki iliyopita, siku uliyopeleka fomu. Ulilala usingizi mzuri, nikasema huyu kashaharibu." Aliondoa sahani yake, akarudi na kitambaa, akafuta meza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Sufuria zangu usiziguse lakini."

"Sitazigusa."

"Na shemeji yako anajua?"

"Bado."

"Nenda kamwambie. Mpelekee na hiyo makala yenyewe. Mwanamke wa watu ametia saini kitu ambacho hajawahi kukisoma."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimwaibisha kuliko kamati. Alipitia kwa mtu wa fotokopi, akafokewa kwa sababu ya pini, akatoka na nakala ingali ya moto.

Shemeji alipokea habari bila kushangaa. Pazia lilikuwa limeshatundikwa. "Angekukasirikia," alisema.

"Najua."

"Angekukasirikia mpaka saa ya chakula. Lete niione."

Alivaa miwani, akafunua ukurasa wa kwanza, akakunja uso mbele ya lugha yao ngumu. "Hapa sielewi kitu. Hapa pia. Hapa mmeandika ili nani asome?" Akapitisha kurasa mpaka akafika katikati, kwenye jedwali la namba, na uso wake ukafunguka. "Aah. Hizi nazijua."

Bila kufikiri alisogea kichwani pa meza, mahali pake pa zamani, akaweka kidole kwenye mstari wa juu. Na Wenzake alijikuta amevuta kiti chake kilekile upande wa dirisha. Kiti cha kati yao kilibaki kimesukumwa ndani, hakuna wa kuandika.

Shemeji alisafisha koo, akasoma namba ya kwanza kwa sauti ileile ya wodini, polepole, tarakimu kwa tarakimu.

"Sawa," alisema yeye.

Akasoma ya pili.

"Sawa."

Alikuwa amechoka, na jedwali lilikuwa refu. Aliegemeza kidevu kwenye kiganja, akasubiri ya tatu.